Maktaba ya Louvain: nyumba ya vitabu iliyoungua mara mbili na kugawanyika mara moja



Katika kitabu hiki cha yubile mnasoma habari za waanzilishi wa misioni, za makatekista wa kwanza na za kazi ya mashirika yetu. Kurasa hizi zinasimulia habari ya mahali pa mbali, ndiyo maktaba, ile nyumba ya vitabu ambayo wengi kwetu wanaiita biblioteki, ya Universite Katolika ya Louvain katika inchi ya Ubelgiji. Mtu aweza kuuliza: Habari hiyo inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, universite ya Louvain ni mama wa Lovanium, na kwa njia ya Lovanium ni bibi wa shule kubwa nyingi za inchi yetu. Mapadri, waganga na waalimu wengi waliotutumikia walisoma pale, au walifundishwa na watu waliosoma pale. Pili, maktaba hiyo iliungua mara mbili kwa moto wa vita, kisha ikagawanyika kwa mikono ya wana wake wenyewe. Katika mambo hayo matatu kuna fundisho kwa watu wote wanaochunga mali moja pamoja, wawe wa universite au wa parokia.

I. Universite iliyokaa miaka mia mbili bila maktaba

Universite ya Louvain ilizaliwa tarehe 9 Desemba 1425, siku Baba Mtakatifu Martino wa Tano alipotoa barua kuu ya kuianzisha, kwa maombi ya mtawala wa Brabant, Yohane wa Nne. Mwaka 1432 Papa Eugenio wa Nne akaruhusu teologia nayo ifundishwe pale. Hivyo Louvain ikawa chuo kikubwa cha inchi zile, na wanafunzi wakaja kutoka pande nyingi za Ulaya.

Lakini jambo moja latushangaza. Kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi universite hiyo maarufu haikuwa na maktaba yake ya wote. Kila koleji ilikuwa na vitabu vyake, kila nyumba ya watawa ilikuwa na vyake, na kila mwalimu alivifungia vyake nyumbani. Hata Koleji ya Luga Tatu, iliyoanzishwa mwaka 1517 kwa urithi wa Jerome Busleyden na kwa shauri la Erasmus mwenyewe, ili vijana wajifunze Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, ilikuwa koleji moja katikati ya koleji nyingi. Mwanafunzi maskini aliyetaka kitabu alilazimika kumjua mtu mwenye kitabu.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya mtu mmoja aliyekuwa karibu kufa. Laurentius Beyerlinck, padri wa Antwerpen, alikuwa mwanafunzi wa Louvain katika ujana wake. Alipofariki mwaka 1627 aliiachia universite vitabu vyake vyote. Baada yake Jacobus Romanus, mwalimu wa uganga, akafanya vivyo hivyo. Vitabu hivyo viliwekwa katika jumba kubwa la mji, ambalo zamani wafanyabiashara walikuwa wakiuzia nguo ndani yake, na mwaka 1636 maktaba ikaanzishwa rasmi. Mlinzi wake wa kwanza alikuwa Valerius Andreas, mwalimu wa sheria.

Tuone vizuri jinsi mambo yalivyoanza. Hakuna mfalme aliyeamuru, wala hazina ya serikali haikufunguliwa. Mzee mmoja alikumbuka alivyotamani vitabu alipokuwa kijana, akatoa vyake. Mezali yetu yasema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole kimoja chaweza kuonyesha vingine njia.

II. Kusahauliwa, kufufuka na kufungwa

Valerius Andreas alipofariki mwaka 1655, maktaba iliingia katika usingizi mrefu. Kumbe kitabu kisichochungwa chaharibika hata pasipo moto: vumbi, maji ya mvua, panya na watu wasiorudisha walichoazima hufanya kazi yao polepole. Katika karne ya 18 ndipo watu walipoamka tena. Rega, mwalimu wa uganga aliyekuwa vilevile rekta wa universite, alihimiza ujenzi wa jengo jipya la vitabu karibu na jumba lile la zamani, likapambwa kwa mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Baadaye Cornelius de Nelis, aliyekuwa mlinzi wa vitabu na ambaye mwishoni akawa Askofu wa Antwerpen, aliongeza bidii ya kununua na kupanga.

Kisha yakaja mapinduzi ya Wafaransa. Mwaka 1797 wakubwa wa Jamhuri ya Ufaransa, waliokuwa wameiteka inchi, waliifunga universite. Vitabu na karatasi zikatawanyika. Sehemu ikachukuliwa Paris, sehemu ikapelekwa Bruxelles. Mwaka 1817 Mfalme Gulielmo wa Uholanzi aliweka Louvain universite ya serikali, na nyuma ya Ubelgiji kupata uhuru, maaskofu wa Ubelgiji walianzisha upya universite katolika. Ilifunguliwa Mechelen mwaka 1834, na mwaka uliofuata ikarudi Louvain. Mji ukaipa tena jumba lile la zamani na vitabu vilivyokuwamo.

Hapa yafaa tuseme neno moja ambalo faida yake itaonekana mbele. Karatasi za utawala wa universite ya kwanza, ndizo barua za mapapa, vitabu vya hesabu na majina ya wanafunzi wa tangu 1425 mpaka 1797, zilipopita katika misukosuko hiyo hazikurudi katika jumba la Louvain. Zilichungwa Bruxelles, katika nyumba ya kumbukumbu za serikali. Watu wa Louvain walisikitika sana kuziona ziko mbali.

III. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1914

Katika mwezi wa Agosti 1914 jeshi la Wajerumani liliingia Ubelgiji, inchi ambayo haikutaka kuwa upande wowote katika vita. Tarehe 19 Agosti waliingia Louvain. Kwa siku chache mji ulikaa kimya. Jioni ya tarehe 25 milio ya bunduki ikasikika gafula. Askari walisema kwamba raia wamewapiga risasi kutoka madirishani. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba katika giza na woga askari walikuwa wamepigana wao kwa wao. Lakini adhabu iliwaangukia watu wa mji. Nyumba zaidi ya elfu moja zilichomwa, watu 248 waliuawa, na wengine wapata 1,500 walichukuliwa mpaka Ujerumani.

Usiku ule maktaba nayo iliwashwa moto. Vitabu karibu 300,000 viliteketea. Katikati yao vilikuwamo vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, wapata elfu moja, na vingine kama hivyo kwa hesabu, vilivyopigwa chapa mbele ya mwaka 1501, wakati kazi ya chapa ilipokuwa bado changa. Kesho yake hapakubaki kitu ila kuta na majivu.

Siku iliyofuata, tarehe 26 Agosti, jambo lingine lilitokea, na sisi watu wa Kongo twapaswa kulifahamu kwa sababu ya mahali lilipotokea. Wajesuiti kadha waliokuwa wakikimbia Louvain walikamatwa karibu na Tervuren, mahali penye jumba lililojaa vitu vya Kongo. Kati yao alikuwamo kijana aitwaye Dupierreux, aliyekuwa akijitayarisha kuwa padri. Askari walipompekua walimkuta na daftari, na ndani yake alikuwa ameandika kwamba zamani hakuweza kusadiki habari ya kuteketezwa kwa maktaba ya Aleksandria, lakini sasa, nyuma ya kuona ya Louvain, anaisadiki. Kwa ajili ya maneno hayo machache alipigwa risasi mbele ya wenzake.

Tuseme wazi: damu ya watu 248 ni nzito kupita vitabu vyote vya dunia. Padri au baba wa jamaa aliyeuawa usiku ule hakuna zawadi iliyoweza kumrudisha. Kardinali Mercier, Askofu Mkuu wa Mechelen, alielewa hivyo. Katika barua yake ya kichungaji ya Noeli 1914 aliyolia ndani yake maangamizi ya Louvain, alitaja vilevile majina ya mapadri wake waliouawa. Lakini habari ya Dupierreux yaonyesha kwamba watu na vitabu havikuwa mambo mawili yaliyotengana. Yule anayechoma kumbukumbu za wengine humwogopa pia mtu mwenye kalamu atakayeandika aliyoyaona.

IV. Zawadi za mataifa

Habari za moto huo zilienea dunia nzima, na watu wengi walihuzunika kana kwamba nyumba yao wenyewe imeungua. Tangu mwisho wa mwaka 1914, vita ingali ikiendelea, maktaba ya John Rylands ya mjini Manchester, Uingereza, ilianza kukusanya vitabu kwa ajili ya Louvain. Mpaka mwaka 1925 vitabu zaidi ya 55,000 vilikuwa vimetumwa kwa njia hiyo. Ni jambo la ajabu: maktaba ya Wakatoliki ililishwa kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawakuwa Wakatoliki.

Vita vilipokwisha, mapatano ya Versailles yaliyotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 yaliitaja maktaba hiyo kwa jina. Sehemu ya 247 iliwalazimisha Wajerumani kuipa Louvain vitabu, maandiko na ramani zilizo sawa na zile zilizoungua, kwa hesabu na kwa bei. Sehemu hiyohiyo iliwaagiza kurudisha mbao za picha za kale, zikiwemo za Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Dirk Bouts kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Petro la Louvain.

Jengo lenyewe lilitoka Amerika. Mwaka 1919 Kardinali Mercier alisafiri Marekani, akapokelewa kwa heshima kubwa. Feza zilikusanywa katika universite, koleji na shule za watoto, na Herbert Hoover, aliyekuwa amewalisha Wabelgiji wakati wa vita, alisaidia kazi isikwame njiani. Mchoraji wa jengo alikuwa Whitney Warren wa New York. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 28 Julai 1921, na jengo likafunguliwa tarehe 4 Julai 1928, sikukuu ya uhuru ya Wamarekani. Mpaka leo anayepita karibu aweza kusoma majina ya shule na koleji zilizotoa, yaliyochongwa katika mawe ya kuta. Mnarani waliweka kengele 48, moja kwa kila jimbo la Marekani ya siku zile, zawadi ya mainjinia wa inchi hiyo.

Lakini palikuwa na shindano moja kali juu ya jengo hilo. Warren alitaka kuchonga mbele yake maneno ya Kilatini, ambayo Kardinali Mercier mwenyewe alikuwa ameyatunga, yenye kusema kwamba maktaba ilibomolewa na hasira ya Wajerumani, ikajengwa tena kwa zawadi ya Wamarekani. Kardinali alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1926. Rekta wa universite, Monsinyori Ladeuze, alikataa maneno hayo yasiwekwe. Hakukana kosa lililotendeka. Alifikiri kwamba nyumba ya elimu haifai kuwa mnara wa chuki, na kwamba siku moja wanafunzi wa Kijerumani nao watapita katika mlango ule. Mji uligawanyika kwa sababu ya neno hilo, mawe yakavunjwa kwa hasira, na shauri likafika mbele ya mahakimu. Mwishoni rekta alishinda, maneno hayakuwekwa.

Mpaka leo wenye akili wanabishana juu ya jambo hilo. Wengine wasema ukweli wapaswa kuchongwa katika jiwe ili usisahauliwe. Wengine wasema kumsamehe mtu si kusahau alichotenda, lakini anayesamehe hamwekei jirani yake lawama juu ya mlango. Sisi tulioona vita katika inchi yetu, na tunaokaa kijiji kimoja na watu waliotukosea, twaelewa uzito wa pande zote mbili.

V. Moto wa pili

Amani ilidumu miaka michache tu. Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia tena Ubelgiji. Mji wa Louvain ulikuwa mahali pa mapigano kati yao na Waingereza, na usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei maktaba mpya ikaungua. Wajerumani waliwatupia Waingereza hatia. Wabelgiji waliishuhudia mizinga ya Wajerumani. Kwa vyovyote hasara ilikuwa kubwa kupita ile ya kwanza: vitabu karibu 900,000 vilikuwa majivu. Zawadi za Manchester, malipo ya Versailles, vitabu vilivyonunuliwa kimoja kimoja kwa miaka ishirini, vyote vilikwenda kwa usiku mmoja.

Mkuu wa maktaba wakati huo alikuwa Padri Etienne van Cauwenbergh. Alikuwa ameipokea kazi hiyo mwaka 1919, akianza pamoja na kuta tupu. Sasa alirudishwa mahali alipoanzia. Hakuiacha kazi. Jengo lilitengenezwa tena kwa ramani ileile ya Warren, rafu zikajaa polepole, na Padri huyo akaendelea kuichunga mpaka mwaka 1961. Mtu mmoja aliijaza nyumba ileile mara mbili katika maisha yake. Uvumilivu wa namna hiyo hauna kelele, lakini parokia zetu zinaujua: ni uvumilivu wa katekista anayejenga tena kanisa la majani kila mara mvua inapoliangusha.

VI. Jeraha lisilo la moto

Yale ambayo mizinga haikuweza kuyatenda, ugomvi wa luga uliyatenda. Louvain uko upande wa Waflama, na kwa Kiflama jina lake ni Leuven. Lakini masomo yalitolewa kwa muda mrefu kwa Kifaransa peke yake, na nyuma yake kwa luga zote mbili. Waflama walikuwa na sababu ya kulalamika, kwani vizazi vingi vya watoto wao walikuwa wamezarauliwa kwa ajili ya luga ya mama zao. Mwezi wa Mei 1966 maaskofu walitangaza kwamba universite itabaki moja na mahali pamoja. Hasira ikapanda. Mwanzoni mwa mwaka 1968 wanafunzi walijaa njiani wakidai Wafaransa wa luga waondoke. Askofu De Smedt wa Bruges alikiri mbele ya watu kwamba alikosea katika shauri lile la 1966. Katika mwezi wa Februari serikali yenyewe ya Ubelgiji ikaanguka kwa sababu hiyo.

Basi universite ikakatwa sehemu mbili, na mwaka 1970 sheria ikazitambua kuwa universite mbili. Ya Kiflama ilibaki Leuven. Ya Kifaransa ilijengewa mji mpya kabisa kati ya mashamba, ukaitwa Louvain-la-Neuve, ambako jiwe la kwanza liliwekwa mwezi wa Februari 1971.

Ndipo likaja swali la vitabu. Nani atavirithi? Havikuwa vya Waflama wala vya Wawaloni. Vilikuwa zawadi za mataifa kwa universite moja. Baada ya maneno mengi waliafikiana kufuata namba za rafu: vitabu vyenye namba zinazogawanyika kwa mbili vilikwenda upande mmoja, na vyenye namba nyingine upande wa pili. Namba haina luga, wala haijui kitabu kinasema nini. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema amepunjwa. Lakini msomaji aliyezoea kukuta vitabu viwili vya jambo moja vimesimama bega kwa bega, tangu hapo alilazimika kukata tiketi ya treni. Watu walicheka sana juu ya mgawanyo huo, na kicheko chao kilikuwa na uchungu.

Tupime majeraha hayo matatu. Mwaka 1914 na 1940 adui alitoka nje, na kila mara marafiki wakaja kujenga tena. Mwaka 1970 hapakuwa na adui. Palikuwa na ndugu waliochoka kukaa pamoja, kwa sababu malalamiko ya haki yalikaa muda mrefu bila kusikilizwa. Hapo hakuna taifa lililokuja na zawadi, kwani mgeni hawezi kuwapatanisha watu wasiotaka. Moto huchukua karatasi. Kukosa masikilizano huchukua ile nia ya kuwa na kitu kimoja, na nia hiyo ndiyo iliyoanzisha maktaba siku Beyerlinck alipotoa vitabu vyake.

Siku hizi hasira zimetulia. Universite zote mbili zinashirikiana katika kazi nyingi. Kila moja inahesabu mwaka 1425 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Mwezi wa Septemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alizitembelea zote mbili, Leuven kwanza na kesho yake Louvain-la-Neuve, na mwaka 2025 zote zilitimiza miaka 600.

VII. Binti wa Louvain katika Kongo

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1926 waalimu wa Louvain walianzisha shirika la uganga kwa ajili ya Kongo, lililojulikana kwa jina la Fomulac, na kazi yake ya kwanza ilikuwa Kisantu. Sisi wa Kivu twalijua jina hilo kwa sababu ya hospitali ya Katana, kando ya ziwa. Mpaka leo watu wanaiita hivyo. Mwaka 1932 shirika lingine la Louvain likafuata kwa ajili ya kazi ya kilimo. Hivyo wauguzi na wasaidizi wa waganga walifundishwa.

Lakini ukweli utuweke huru. Wakati watoto wa shule za Amerika walipokuwa wakitoa senti zao kwa ajili ya vitabu vya Louvain, katika Kongo nzima hapakuwa na universite hata moja. Mwafrika aliyetaka masomo makubwa alipaswa kuingia seminari, na nje ya upadri mlango ulikuwa umefungwa. Louvain, iliyojua uchungu wa kunyang'anywa vitabu, ilikawia kuona kwamba watu wa koloni walikuwa hawajapewa vya kunyang'anywa.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1954. Juu ya kilima karibu na Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ilianza universite iliyopewa jina la mama yake kwa Kilatini: Lovanium. Rekta wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon. Maktaba yake iliondoka katika utupu kama ile ya 1919, lakini katika miaka michache ilisifiwa kati ya maktaba kubwa za Afrika ya kati. Mwaka 1957 masomo ya teologia yalianza hapo. Na tarehe 29 Januari 1960 ndipo mwanafunzi mmoja, Padri Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, aliposimama kujadiliana na mwalimu wake, Padri Alfred Vanneste, juu ya swali kama yaweza kuwako teologia yenye sura ya Kiafrika. Majadiliano hayo yanasomwa mpaka leo. Mtu asiye na vitabu angeweza kuwa na swali hilo moyoni. Aliyekuwa navyo aliweza kulijibu mbele ya waalimu wake kwa maneno ya mababa wa Kanisa.

Tshibangu mwenyewe akawa Mkongomani wa kwanza kuwa rekta wa Lovanium, kisha Askofu wa Mbujimayi, akafariki mwaka 2021. Lakini Lovanium nayo haikukosa majaribu. Mwaka 1971 serikali iliiunganisha na universite za Kisangani na Lubumbashi kuwa universite moja ya taifa, na masomo yakahamishwa kutoka mji mmoja mpaka mwingine. Mwaka 1974 teologia ilitolewa katika universite hiyo. Kanisa liliipokea na kuilea, na ndiyo iliyokua mpaka kuwa, mwaka 2009, Universite Katolika ya Kongo. Mwaka 1981 zile universite tatu zilitenganishwa tena. Mama aligawanywa kwa ugomvi, binti aliunganishwa kwa amri; na katika nyumba zote mbili vitabu vilihesabiwa upya.

Na ile njia ya Beyerlinck haijafungwa. Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi na daktari wa Louvain, aliyefundisha miaka mingi katika Marekani na kufariki mwaka 2025, aliipa Universite ya Lubumbashi vitabu vyake. Yale aliyoyafanya padri wa Antwerpen mwaka 1627 kwa ajili ya vijana asiowajua, mtu wa Katanga ameyafanya kwa ajili ya vijana wa kwetu.

VIII. Mafundisho kwa parokia

Tulisema juu kwamba karatasi za universite ya zamani zilibaki Bruxelles. Usiku wa mwaka 1914 jumba la Louvain lilipoungua, karatasi hizo zilikuwa salama, kwa sababu hazikuwamo. Mwaka 2013 UNESCO iliziandika katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Yale yaliyolalamikiwa kuwa mbali ndiyo yaliyookoka.

Kanisa lilijua hekima hiyo tangu zamani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko, kila mwisho wa mwaka, kupeleka kwenye ofisi ya askofu nakala ya vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo. Kitabu cha ubatizo ni maktaba ya kwanza ya kila misioni. Ndani yake maskini na tajiri wameandikwa kwa wino mmoja, na mara nyingi ndiyo karatasi peke yake duniani inayotaja jina la bibi zetu. Katika vita vya miaka iliyopita parokia nyingi za mashariki zilipoteza vitabu hivyo, na watu wazima wakabaki wakitafuta mashahidi wa kusema kwamba walibatizwa.

Kwa hiyo yafaa siku za yubile zituachie kazi tatu zisizohitaji feza nyingi. Ya kwanza, vitabu vya parokia vinakiliwe, na nakala iwekwe mahali pengine, mbali na paa la nyumba hii. Ya pili, daftari za makatekista wazee, nyimbo walizoziandika na picha zilizo katika masanduku ya jamaa, ziletwe na kupangwa, kila moja na jina lake na mwaka wake. Ya tatu, tuwe na kabati moja la vitabu vya kusoma, lenye ufunguo mmoja na mlinzi mmoja anayejulikana, ambapo mtoto wa kila luga na kila kijiji aweza kuazima pasipo kuulizwa ni wa upande gani.

Kazi hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Kabati fundi atalitengeneza kwa juma moja, na vitabu vitapatikana kidogo kidogo. Lakini siku malalamiko yatakapotokea, na yatatokea, tuyasikilize mapema, yangali madogo, tusije tukafika siku ya kugawana vitabu kwa namba.

Mwenyezi Mungu, aliyewapa mababu zetu neno lake kwa mdomo na kwa maandiko, aibariki yubile hii, na awape walinzi wa vitabu vyetu uvumilivu wa Padri van Cauwenbergh, aliyejaza mara mbili rafu alizozikuta tupu.